Ushauri: mzigo wangu uko Guangzhou, nichukue kontena zima au nichangie kwa CBM (mita za ujazo)?

Bint Kariakoo
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada, usingizi hauji kabisa. Nina mzigo ghalani Guangzhou, katoni 120, kila katoni sentimita 50 kwa 40 kwa 40, nataka uje Dar kwa meli. Wakala mmoja anasema nichangie kontena na wenzangu nilipe kwa CBM, mwingine anasema chukua futi 20 nzima ndo usalama. Mwisho wa kupokea mzigo ni Ijumaa. Nifanyeje jamani?

Mzee wa Gati
Dada piga hesabu. 0.5 mara 0.4 mara 0.4 ni 0.08, mara katoni 120 ni CBM 9.6. Futi 20 ikipangwa vizuri inameza 27 hivi, sasa zaidi ya nusu utalipia hewa. Changia. Ila uzito je? Maana wanaangalia CBM na tani, kinachozidi ndo unacholipia, ndo maana wa vigae kontena lake halifiki hata nusu na uzito umeshagota. Na hujasema mzigo wenyewe ni nini.

Mama Vitenge
Pole mdogo wangu. Mimi niliwahi kuagiza karibu na mwaka mpya wa Wachina, nikalipia kabisa, kumbe viwanda vinafunga na kabla ya kufunga kila mtu anagombania nafasi kwenye meli, mzigo wangu ukabaki ghalani mpaka harusi niliyokuwa nashonea sare ikapita, bibi harusi mpaka leo tukikutana sokoni ananipita kama hanijui. Omba Mungu tu.

Mkulima Halisi
Hela za kupeleka China kila siku mngelima alizeti Singida nchi ingekuwa mbali.

Bint Kariakoo
Mkulima asante lakini sijauliza kilimo. Mzee wa Gati shikamoo, mzigo ni vitu vya nyumbani tu.

Niko Xiaobei
Vitu vya nyumbani gani? Sufuria, pazia, au vya betri? Niko huku huku Guangzhou na hilo neno nalijua.

Bint Kariakoo
Ni spika za bluetooth na pawabenki. Wakala kasema kwenye makaratasi ataandika vyombo vya plastiki ili nisitozwe bei ya mzigo hatari. Kariakoo nzima wanafanya hivyo. Na nusu nimeshamlipa, kwa hiyo nilichouliza ni kontena au CBM basi.

Niko Xiaobei
Dada yangu hapo ndo penye swali lako. Betri za lithiamu ni mzigo hatari daraja la 9. Kwa namba za mizigo hatari, pawabenki zinaingia UN3480, spika zenye betri ndani ni UN3481, na msafirishaji anayejielewa atakudai MSDS, yaani karatasi ya usalama wa bidhaa, na ripoti ya majaribio ya betri ya UN38.3, mwambie sapulaya akupe, kiwanda cha kweli kinazo. Ukificha, katoni zako zinapangwa katikati ya nguo za watu, siku zikiwaka hakuna anayejua anazima nini.

Mzee wa Gati
Marahaba. Na meli ikipata janga hasara inaweza kugawanywa kwa wenye mizigo wote, hata ambaye katoni yake haikuguswa. Meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez 2021 mwenye meli alitangaza mchango wa namna hiyo. Huku nako Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki, kifungu cha 203, tamko la uongo ni kosa la jinai, jela mpaka miaka 3. Forodha wakifungua kontena wakakuta pawabenki kwenye vyombo vya plastiki, wakala hapokei simu.

Bint Kariakoo
Mnanitisha bure. Huyu kaka ni mstaarabu, kaleta mizigo ya shoga yangu bila shida. Hata nauli alipoongeza alinieleza sababu, vita vya Bahari ya Shamu, meli itazunguka Afrika Kusini ndo ije Dar, itachelewa wiki mbili.

Mpiga Ramani
HII CHAI. Meli ya Guangzhou kuja Dar inashuka Singapore, inapita Malacca, inakata Bahari ya Hindi imefika. Bahari ya Shamu ni ya wanaokwenda Ulaya. Azunguke Afrika Kusini kufanya nini, aipite Dar halafu arudi? Uzi wa kutunga huu, au wewe ndo wakala unatafuta wateja.

Kijogoo wa Mbagala
Chai ya maziwa kabisa, leteni na maandazi.

Bint Kariakoo
Chai ya nini! Hela ni ya kikoba, wanawake wenzangu wananisubiri mimi. Ujumbe wake huu hapa nimenakili: "dada meli zote zinapita South sababu ya vita ongeza kidogo". Nitunge ili nipate nini?

Mzee wa Gati
Mpiga Ramani mwache dada, anayetunga ni wakala. Nauli kupanda kuanzia mwisho wa 2023 ni kweli, meli nyingi zilivutwa na ile njia ndefu ya Ulaya ya kuzunguka Afrika. Ila hiyo ya kuizunguka Afrika aje Dar, hapana. Dada, BL, ile hati ya mzigo wa meli, itatoka kwa jina la nani?

Bint Kariakoo
La kwake. Mimi atanitumia risiti WhatsApp.

Mzee wa Gati
Kwa wanaochangia kontena, BL ya meli kuwa na jina lake ni kawaida, lakini na wewe lazima akupe ya kwako yenye jina lako, idadi ya katoni na aina ya mzigo. Muulize jina la meli na namba ya safari. Asipotaja usimalizie hiyo nusu.

Bint Kariakoo
Nimemuuliza. Kasoma, kimya. Ila bado naona spika hazina shida, na Ijumaa ndo hiyo.

Niko Xiaobei
Spika zisubiri meli nyingine na ziandikwe spika. Pawabenki mrudishie sapulaya au zipate msafirishaji anayepokea betri kwa jina lake halisi. Ghala ni la nani, la wakala?

Bint Kariakoo
La wakala.

Niko Xiaobei
Basi mwambie sapulaya asubuhi hii hii awaombe watu wa ghala picha ya katoni zote 120 zikiwa na alama yako, kabla hujabishana na wakala tena.

Mama Vitenge
Na wale wanawake wa kikoba usiwaache wasubiri, waambie leo.

Mgeni_07
Samahani kuingilia uzi, kuna anayejua nauli ya majokofu yaliyotumika kutoka Dubai?