Nimepata ampli ya gita ya zamani ya valvu, Fender Twin Reverb: nichukue au niache?

Mpiga Solo:
Wakuu, habari za jioni. Mimi napiga gita la solo, wikiendi niko na bendi ya hotelini, Jumapili niko kwaya. Kuna mzee Magomeni alikuwa kwenye muziki wa dansi enzi zake, anauza Fender Twin Reverb, ile yenye bati la mbele rangi ya fedha. Anataka 1,800,000.

Juzi nilienda na gita langu nikachomeka. Jamani! Nikigusa uzi kwa upole, inaongea kwa upole. Nikiukwanyua, inanijibu. Ampli yangu ya transista, nigusie kwa upole au kwa nguvu, ni sauti ileile, inaongezeka au inapungua basi. Nilikaa sebuleni kwa mzee saa mbili nzima mpaka nikaletewa chai.

Sasa, ile sauti inatoka kwenye valvu kweli, au ni akili yangu tu kwa vile ni kitu cha kale? Na nichukue kwa hela hiyo? Anaiwasha kwa kiboksi cha kushushia umeme. Kilipata joto na kunukanuka kidogo, ila anasema kiko hivyo siku zote.

Siti ya Mbele:
Nimekaa hapa na karanga zangu, wajuzi waje.

Fundi Mstaafu:
Kijana, nimetengeneza redio za valvu tangu hujazaliwa, nikujibu.

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani kuna kitu kinapashwa moto, kinamwaga elektroni, zinakimbilia kwenye sahani yenye volti mia nne na ushee. Njiani kuna wavu. Umeme mdogo wa gita lako unaingia kwenye ule wavu na kuamua zipite nyingi au chache. Ukiisukuma kupita uwezo wake, transista inakata kichwa cha wimbi ghafla, ndiyo maana inakwaruza. Valvu inakikandamiza kwanza, taratibu, halafu ndipo inakata. Sikio linaona kama utamu.

Sasa hizo volti zinaua. Kapasita zinakaa na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Usifungue hilo kasha kwa bisibisi ya nyumbani. Nasema tena, usifungue.

Besi Nzito:
Shikamoo mzee. Umenena, ila naongeza kidogo, maana hapo kwa mzee wa Magomeni kijana hakusikia valvu zikizidiwa. Twin ina wati 85 hivi na valvu 4 kubwa za 6L6. Ili izidiwe lazima majirani wa mtaa wa pili waje kugonga mlango. Ilijengwa ibaki safi hata jukwaa kubwa. Alichokisikia ni spika mbili za inchi 12, kasha lililo wazi nyuma, na zile springi za mwangwi.

Na kwa solo letu la dansi usafi huo ndio unaotakiwa. Noti zetu ni nyingi na zinakwenda mbio, zikichafuka hakuna kitu. Wazungu wa roki wao walitaka kinyume chake. Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki pale London, mwaka 1962 alianza kwa kunakili ampli ya Fender Bassman, wapigaji wakazifungulia mpaka mwisho, ukazaliwa muziki mwingine kabisa.

Kama unataka ile ya kulegea na kunguruma kidogo ukiikaza, tafuta Deluxe Reverb, ampli ndogo ya Fender hao hao. Wati 22, na hata umeme wa ukutani unaoingia unageuzwa kuwa wa mkondo mmoja (DC) na valvu, kwa hiyo ukipiga kwa nguvu inabonyea kidogo halafu inainuka. Twin kwa kazi hiyo inatumia dayodi, vile vipande vidogo visivyo na chupa, haibonyei hivyo. Halafu Twin ni kilo karibu 30. Mgongo wako una umri gani?

Kichwa Ngumu:
Mnamdanganya mtoto wa watu. Hotelini wateja wanakula samaki, nani anasikiliza kama ni valvu? Milioni 1.8 unapata ya kisasa inayoiga ampli zote hizo, na unaibeba mkono mmoja kwenye bodaboda.

Besi Nzito:
Mteja hasikii, kweli. Ila mpigaji anasikia, na akisikia anapiga tofauti. Hilo mteja analisikia.

Mpiga Solo:
Asanteni wakubwa, shikamoo mzee fundi. Leo nimerudi kwa mzee, sikufungua kitu, nimechungulia nyuma kwa tochi. Bati limeandikwa 117V, 60Hz. Plagi ina miguu miwili. Valvu zipo zote, kubwa 4 na ndogo 6. Mzee anasema haijawahi kuguswa na fundi.

Fundi Mstaafu:
Marahaba. "Haijawahi kuguswa" kwako ni sifa, kwangu ni kazi. Kapasita za umri huo zimekauka, zibadilishwe zote kabla hujapiga nayo kazini. Plagi iwekwe ya miguu mitatu yenye ethi, la sivyo siku moja utashika gita huku mdomo uko kwenye maikrofoni, na utarushwa. Umeme wetu ni 230V na 50Hz, kwa hiyo hata ukiushusha, transfoma yake itapata joto kuliko ilivyozoea Marekani. Inavumilika, ila ipe nafasi ya kupumua.

Valvu zisikutishe, 6L6 mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China. Cha kuogopa ni transfoma kuungua, hiyo ndiyo itakula hela yako. Na usiiwashe kamwe spika zikiwa zimechomolewa.

Mwambie mzee ashushe bei kwa gharama ya matengenezo. Mimi nitaiwasha kwanza kupitia taa ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti.

Hicho kiboksi kimeandikwa wati ngapi?

Mpiga Solo:
Amekubali 1,300,000. Ngoja nimpigie nimuulize.

Mpiga Solo:
Kimeandikwa 100W.

Fundi Mstaafu:
Mwambie asiiwashe tena hata kwa dakika moja. Ampli ya kutoa wati 85 inavuta zaidi ya mara mbili ya hizo ukutani. Nunua cha 500W, uje nacho pamoja na ampli.

Siti ya Mbele:
Ndiyo maana kilikuwa kinanuka!