Japani baada ya 1868: nani aliumia zaidi, samurai au mkulima?

Wakuu, naelewa kwamba utawala wa Tokugawa (ukoo wa watawala wa kijeshi) uliangushwa 1868 na viwanda vikafuata. Nisichokielewa ni namna maisha ya kijijini yalivyobadilika. Ilikuwaje?

Jibu 1
Anzia kwenye kodi ya ardhi ya 1873, ndiyo kiini. Zamani kijiji kizima kililipa sehemu ya mavuno, kwa mpunga. Sasa mwenye hati ya shamba alidaiwa 3% ya thamani ya shamba, kwa fedha taslimu, mavuno yawe mazuri au mabaya. Baada ya ghasia ikashushwa hadi 2.5% mwaka 1877. Lakini kuanzia 1881 waziri wa fedha Matsukata alipunguza noti kwenye mzunguko. Bei ya mpunga na hariri ikaporomoka, kodi na madeni yakabaki palepale. Wengi waliuza mashamba wakawa wapangaji. Wakulima wa hariri wa wilaya ya Chichibu waliinuka 1884, wakazimwa na jeshi.

Jibu 2
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila samurai, tabaka la wapiganaji, msiwasahau. Mwaka 1876 posho zao za kurithi zilibadilishwa kwa lazima kuwa hati fungani, na kubeba panga hadharani kukapigwa marufuku. Kwa wa ngazi ya chini, kipato cha riba kilikuwa kidogo mno. Mfumuko wa bei wa kabla ya 1881 ukakimaliza. Samurai wa Satsuma, kusini mwa Japani, waliasi 1877.

Jibu 3
Mabinti wa samurai nao waliingia kiwanda cha hariri cha Tomioka, 1872.