Fundi alipewa na nani ruhusa ya kukubali kwa niaba yetu? Ripoti za hitilafu za Windows na data za wateja

Ndugu zangu, naufungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Ofisi yetu hapa Mombasa hushughulikia utoaji wa mizigo bandarini, na kazi yetu yote imo ndani ya kompyuta: ankara za wateja, hati za mizigo, namba zao za PIN za kodi za KRA, nakala za vitambulisho. Hizo ni amana za watu. Duka lililotuuzia kompyuta lilizikabidhi zikiwa tayari zimeruhusiwa kutuma kwa Microsoft data ya uchunguzi ya hiari, zikiwemo ripoti kamili za programu zinapojifunga ghafla, na hakuna yeyote ofisini aliyeulizwa. Swali hilo hutokea kwenye skrini Windows inapowashwa mara ya kwanza, na mwenye kompyuta ndiye anayestahili kulijibu. Fundi alilijibu yeye. Windows ilipowekwa upya baada ya matengenezo, alijibu vilevile tena, na tulipomlalamikia akasema kwamba wateja wote huwekewa hivyo.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Wasome maelezo ya Microsoft yenyewe, yanayokiri kwamba data ya hiari inaweza kubeba hali ya kumbukumbu ya kompyuta wakati wa hitilafu, na kwamba humo mnaweza kuingia, bila kukusudiwa, sehemu za faili uliyokuwa ukiitumia. Yaani programu ya lahajedwali ikijifunga wakati ankara ya mteja imefunguliwa, kipande cha ankara hiyo kinaweza kusafiri hadi kwenye seva zilizo nje ya Kenya. Wala hofu ya ripoti hizi kuangukia mikononi mwa wengine si ya kubuni: Desemba 2013, jarida la Der Spiegel la Ujerumani liliripoti, kwa kutegemea nyaraka za ndani za NSA, kwamba shirika hilo la ujasusi la Marekani lilikuwa likizinasa njiani ripoti za hitilafu za Windows. Siku hizi husafirishwa zikiwa zimesimbwa ili anayezinasa njiani asiweze kuzisoma, na hilo ni jema, ila halibadilishi ukweli kwamba mteja wangu hakuridhia zitumwe.

Sipingi manufaa ya ripoti zenyewe. Mwaka 2002 Steve Ballmer, aliyekuwa akiiongoza Microsoft, aliwaandikia wateja kwamba ripoti hizo zilionyesha takriban asilimia 20 ya kasoro ndizo zinazosababisha asilimia 80 ya hitilafu, na ni wazi kwamba taarifa kama hiyo humsaidia mhandisi kujua aanzie wapi. Lakini Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuuliza kila mara kama utume au usitume, na ilikuwa na mahali pa kuzima ripoti kabisa bila utaalamu wowote. Windows 7 nayo ilikuwa na chaguo la kutotafuta kamwe suluhisho la hitilafu, yaani la kutotuma ripoti. Leo ukiingia kwenye Mipangilio, sehemu ya faragha, unachoweza kuzima ni data ya hiari tu, huku ile inayoitwa ya lazima ikiendelea kutumwa. Kuizima hiyo kupitia sera za mfumo kumetengwa kwa matoleo ya mashirika na elimu, na toleo la Pro, tulilonunua kwa bei ya juu, halimo. Hilo linanikera kuliko yote.

Anayetaka kusimamisha huduma ya ripoti za hitilafu yenyewe anaweza kufungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kama msimamizi na kuandika Disable-WindowsErrorReporting, kisha akahakikisha kwa Get-WindowsErrorReporting. Kwenye toleo la Pro, sera ya kuzima ripoti za hitilafu, tofauti na ile ya data ya lazima, imo pia ndani ya gpedit, chombo cha kuhariri sera za mfumo ambacho toleo la Home halina. Ripoti zilizokwisha kuandikwa hukaa ndani ya C:\ProgramData\Microsoft\Windows\WER, na faili zenye jina Report.wer husomeka kwa Notepad. Zifungueni mwone wenyewe kilichoandikwa.

Katiba yetu, Ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 25, inataka data binafsi isipelekwe nje ya Kenya bila ithibati ya ulinzi wa kutosha au ridhaa ya mwenye data. Mteja akiuliza, atakayewajibika kujibu ni ofisi yangu, ilhali fundi aliyebonyeza kitufe cha kukubali hatakuwepo.

Kwa hiyo ninawataka wenye maduka ya kompyuta wa mji huu waache skrini ya maswali ya faragha bila kujibiwa hadi mnunuzi aketi mbele yake, na pale ambapo Windows imewekwa upya, wamrudishie mwenyewe uamuzi huo. Kama lipo duka Mombasa ambalo tayari linafanya hivyo, nawaomba mlitaje hapa chini, kwa sababu kompyuta zetu zijazo tutazinunua huko.