Tupeane uzoefu: nani hapa alivunjika akarudi kwenye baiskeli?

Gia Ndogo (Nakuru)
Jana nilipita kwa Katibu wa kikundi chetu cha baiskeli kule Kiamunyi. Wengi mnajua kioo cha trela kilimpiga pale Sobea wakati wa mvua za masika, akavunjika mfupa wa paja na mbavu, akawekewa chuma. Mchango ulienda vizuri, Nakuru, Kisumu na Kakamega wote mlitoa. Asanteni, hilo limekwisha, hesabu iko kwa mweka hazina. Sasa yuko nyumbani na magongo yake.

Kilichonileta hapa ni kwamba nilipokuwa nikiaga alisema, macho yake yakiwa kwenye televisheni, nimtafutie mtu wa kununua baiskeli. Ile ile aliyoiunda kipande kwa kipande, fremu kutoka Gikomba, magurudumu kutoka Eldoret. Nikamwambia sawa, nitauliza. Sijamuuliza mtu.

Humu kuna walioumia kuliko yeye, na kuna ambao hawakurudi tena. Semeni ilivyokuwa. Msimpambe. Anasoma, hata kama hajibu.

JaKano
Mimi bega, pale Ahero. Nilirudi. Omera, pole.

Mama Tairi (Kisumu)
Umenigusa pabaya. Mimi nilianguka mteremko wa Riat, natoka Kiboswa narudi mjini. Mpanda baiskeli yeyote wa Kisumu anaujua: juu kuna kaubaridi, ghafla ziwa lote linafunguka mbele yako, na vidole vinasahau kazi yake kwenye breki. Matatu iliyokuwa mbele ikaona abiria, ikasimama palepale kwenye lami. Pingili moja ya mgongo ikapasuka, na mtulinga ukakatika.

Watu huniuliza habari za kuanguka. Kuanguka sikukumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni wodi. Unalala chali, huna ruhusa ya kujigeuza. Kila saa mbili wanakuja kukugeuza ili usitoke vidonda vya kulalia, watu wanne, mmoja anahesabu, wanakuviringisha kama gogo. Mchana ni sawa. Usiku wauguzi ni wawili kwa wodi nzima, kwa hiyo saa mbili zinakuwa tatu, zinakuwa nne. Kuna usiku mmoja dada yangu aliyekuwa akinilinda alikwenda nyumbani kuoga. Mgongo ukaanza kuwaka. Nikaita. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaita kwa niaba yangu. Aliye mlangoni akaita. Sauti ikapokezwa mpaka mwisho wa wodi na hakuna aliyekuja, kwa sababu kule mwisho kulikuwa na mtu anakufa na wauguzi wote wawili walikuwa kwake. Nisingeweza hata kukasirika. Hapo ndipo nililia, mimi niliyekuwa nikipanda mpaka Majengo bila kukanyaga chini.

Nyumbani walikuja watu wengi, na maombi, na ndizi, na kunitazama. Kisha wakapungua, watu wana kazi zao. Aliyebaki ni mzee mmoja wa kikundi chetu. Alikuwa akija Alhamisi jioni na magurudumu ya watu wengine, anakaa sebuleni kwangu ananyoosha rimu, ananipa spoki nizipange kwa urefu. Habari za mgongo hakuuliza. Tuliwasengenya nyote humu, kila mmoja kwa zamu yake.

Nilirudi barabarani baada ya zaidi ya mwaka. Riat mpaka leo nashuka kwa miguu, nasukuma baiskeli, vijana wa boda wananicheka. Wacheke.

Nyayo za Menengai
Mama, hapo kwa "sauti ikapokezwa" nimeacha chai ikapoa.

Spoki Moja
Katibu asikate tamaa. Chris Froome, yule bingwa wa baiskeli aliyezaliwa hapa kwetu Nairobi, alivunjika paja, kiwiko na mbavu Juni 2019, akaambiwa amekwisha, na Februari 2020 alikuwa mashindanoni tena. Miezi minane!

Mzee wa Elburgon
Na hakushinda Tour de France tena. Zile nne zote ni za kabla ya ajali. Semeni yote, mwenye uzi ameomba tusipambe.

Spoki Moja
Mzee, Katibu naye alikuwa akishinda Tour gani? Tunazungumzia kwenda Njoro na kurudi.

JaKano
Froome alikuwa na timu nzima ya madaktari. Katibu ana shangazi yake.

Mwana wa Chavakali
Mulembe wote. Mimi nasema hivi: hospitali wameshaweka chuma, sawa, lakini mfupa unaungwa na mwenye mkono wa kuunga. Kwetu kuna mzee, amewarudisha uwanjani wachezaji wangapi! Mjomba wangu alivunjika muundi, akafungwa vijiti na kukandwa kwa majani, akarudi shambani kabla mahindi hayajavunwa. Mleteni Katibu huku, tutamlaza kwetu bila malipo.

Dada Fizio (Kisumu)
Ndugu yangu, ukarimu nimeuona. Lakini paja lenye chuma ndani mnalikanda ili iweje? Chuma ndicho kinachoshika mfupa. Nafanya kazi hii, na nimepokea miguu iliyofungwa vijiti ikakazwa mpaka damu ikakosa njia, vidole vimekuwa vyeusi, na hapo hata daktari hana la kufanya isipokuwa kukata. Mguu uliofungwa, uwe kwa plasta au kwa vijiti, ukiuma kupita kiasi, vidole vikipoa au kufa ganzi, usingoje asubuhi.

Mwana wa Chavakali
Hospitali hazikati miguu? Hazina makosa? Nitaje ninayoyajua?

Dada Fizio (Kisumu)
Zinayo, na usitaje. Nimesema paja lenye chuma halikandwi.

Omwami Pancha
Mimi niliunganishwa na mzee kama huyo. Mguu uliungana. Mfupi kidogo kuliko mwenzake, nimepandisha kiti upande... hapana, kiti hakipandi upande mmoja, nimeweka soli mbili kiatu cha kushoto. Napanda baiskeli vizuri kabisa. Sasa sijui niko upande wa nani.

Mzee wa Molo
Nimesoma yote haya nikakumbuka ya Sachangwan na sitalala nisipoyasema.

Ni zamani, kabla hawajajenga ule ukuta wa kutenganisha njia. Nilikuwa natoka Mau Summit nashuka kwenda Salgaa, jioni, ukungu wa kule mnaujua. Madereva wa matrela walikuwa na tabia ya kuachilia gia kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, gari linashuka kwa uzito wake, breki peke yake ndiyo inazuia, inapata moto, inakataa. Mimi sikulisikia hilo trela. Nililinusa. Harufu ya breki inayoungua ilinifikia kwanza, halafu honi, ndefu, ya mtu ambaye hana kingine cha kufanya. Sikugeuka. Nikaitupa baiskeli na mwili wangu kwenye mtaro, na mguu ukabaki chini ya fremu. Niliusikia ukivunjika. Trela likapita, likaenda mbele kidogo likalala ubavu.

Dereva na utingo walitoka wazima, wakakimbia. Mzigo ulikuwa mafuta ya kupikia, katoni kwa katoni. Na watu wakaja. Sijui huwa wanatoka wapi, ulikuwa ukungu na giza na hakuna nyumba niliyoiona, lakini walikuja, na magunia na mikokoteni. Nikapiga kelele. Kijana mmoja akaniruka mtaroni. Akaja mama mmoja, akainama, nikashukuru Mungu, nikasema mama nisaidie. Akaniuliza kama nina gunia.

Nikalala mtaroni mpaka alfajiri. Aliyenitoa ni muuza maziwa na punda wake, akamwaga mtungi mmoja wa maziwa ili nipate nafasi ya kulala kwenye mkokoteni. Huyo sitamsahau. Nilipotazama, baiskeli haikuwepo.

JaKano
Walibeba baiskeli?

Nyayo za Menengai
KAMA NINA GUNIA.

Spoki Moja
Mzee wangu, heshima, lakini kutoka Mau Summit jioni, ukungu, bila taa? Na trela lipinduke mita chache mbele yako, na dereva atoke akimbie? Hii ina chumvi.

Mzee wa Molo
Chumvi iko mguuni kwangu, njoo uonje. Taa ilikuwepo, ya dinamo. Na wewe ulikuwa darasa la ngapi?

Mzee wa Elburgon
Nathibitisha habari za kupora mzigo. Pale Sachangwan ndipo tanki la petroli lilipopinduka Januari 2009, watu wakaenda kuchota, likalipuka, zaidi ya mia wakafa. Hata hapo wengine hawakujifunza. Kwa hiyo mama wa gunia mimi namwamini.

JaKano
Turudi kwa baiskeli. Ilipatikana?

Mzee wa Molo
Niliiona sokoni Elburgon baadaye sana, mimi na gongo langu. Imepakwa rangi ya kijani, imefungwa mitungi. Nikaitambua kwa spoki za nyuma, nilizikaza kwa waya mimi mwenyewe. Mwenye nayo alikuwa kijana mdogo, anauza maziwa.

Omwami Pancha
Na ukaichukua!

Mzee wa Molo
Nikanunua maziwa.

Spoki Moja
Sasa hapo ndipo unaniudhi, mzee. Unamwachia mwizi?

Mama Tairi (Kisumu)
Nani amesema kijana ndiye aliyeiba? Wewe Spoki leo umeamkaje?

Gia Ndogo (Nakuru)
Jamani, Katibu.

Mwenye Breki
Nitakuwa adui hapa. Auze. Mimi nilivunjika nyonga pale Gilgil, nikarudi, na kila lori likinipita tumbo linafunga. Nikaacha. Agosti 2022 tulipompoteza Sule Kangangi, aliyeanguka mashindanoni Vermont, Marekani, mtu aliyejua baiskeli kuliko sisi sote tukijumlishwa, mke wangu hakusema neno, alinitazama tu. Leo naenda Menengai kwa miguu na afya ninayo. Kuacha pia ni uzoefu, mwenye uzi umesema tuseme.

Mama Tairi (Kisumu)
Huna uadui na mtu. Lakini uliuza ukiwa umepona, au ukiwa bado kwenye magongo? Mtu wa magongo asiuze hata kuku.

Mwenye Breki
Nikiwa nimepona. Hapo umenishika.

Jirani wa Mahakama
Yeyote amemuuliza Katibu kama alichukua abstract ya polisi, ile hati ya kuonyesha ajali iliripotiwa? Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na mwendesha baiskeli ndiye huyo mtu wa tatu. Namba ya trela ilipatikana? Kesi ya uzembe ina miaka 3 tangu siku ya ajali, ikipita imepita. Na wale mawakili wanaotembeatembea wodini na fomu, asiweke sahihi kitu ambacho hajasoma.

Omwami Pancha
Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, alipe. Sisi tuliojiajiri tunalipa mwaka mzima kwa mpigo, mtu anaona ni nyingi anaahirisha, halafu anaanguka.

Mwana wa Chavakali
Chakula sasa. Supu ya mifupa, ugali wa wimbi, maziwa mala. Hilo nalo Dada Fizio atakataa?

Dada Fizio (Kisumu)
Silikatai. Ongeza omena, mayai na mboga, maana supu peke yake ni maji ya moto yenye mafuta. Na kama bado anavuta zile sigara zake nyuma ya nyumba, aache, mfupa wa mvutaji unachelewa kuungana. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kikabana, ni hospitali wakati huohuo, huenda ni damu imeganda.

JaKano
Aje Dunga tumwogeleshe. Maji hubeba uzito, si ndiyo?

Dada Fizio (Kisumu)
Maji ni mazuri, kidonda kikishafunga. Ziwa hapana. Kichocho utamtibu wewe?

Nyayo za Menengai
Na viboko.

JaKano
Viboko hawapendi watu wa Nakuru, wananuka vitunguu.

Gia Ndogo (Nakuru)
Mimi nimechukua hili la magurudumu la Mama Tairi. Yangu ya nyuma inapiga kona. Jumamosi naipeleka kwake. Nani mwingine ana kitu kibovu?

Nyayo za Menengai
Mimi nina gia hazishiki tangu Krismasi. Yeye ndiye aliyezifunga, ni haki yake.

Katibu
Nimesoma. Nilikuwa na kazi nyingine ya kufanya?

Kwanza, kioo hakikunipigia Sobea, ni mbele kidogo kuelekea Ngata. Pili, sigara niliacha wodini, shangazi alikagua mifuko. Tatu, abstract ninayo, namba ya trela sina, aliiona mwendesha boda mmoja akaandika mkononi na jasho likaifuta. Anayemjua mtu wa boda wa Ngata aulize.

Mwenye Breki, nimekusoma mara mbili. Hilo la tumbo kufunga limeshanianza na sijafika hata getini. Asante kwa kulisema.

Jumamosi mje, lakini si wote siku moja. Gia Ndogo, hiyo rimu yako nilikuambia ubadilishe, sasa utalipa. Nyayo, njoo na cheni mpya, sitafunga gia juu ya cheni ya kutu. Supu inatosha, friji imejaa mifupa.

Spoki Moja
Kwa hiyo baiskeli inauzwa au haiuzwi? Nauliza kwa sababu fremu hiyo ni saizi yangu.

Mama Tairi (Kisumu)
Spoki!

Katibu
Wewe Jumamosi usije.

JaKano
Mzee wa Molo, hayo maziwa yalikuwa bei gani?