Lisbon na mama wa miaka 70: tulale Alfama, Baixa au Martim Moniz?

Binti_Chumbageni
Wakuu, habari zenu. Mwezi wa sita nampeleka mama Lisbon, mdogo wangu anahitimu chuo kule. Tunafika tarehe 10 Juni mchana, tunaondoka 14 jioni. Mama ana miaka 70, goti la kulia linamsumbua. Kutembea anatembea, ila ngazi zinamtesa. Chakula ni halali tu. Viza tumeshapata.

Mdogo wangu anakaa bweni, kwa hiyo lazima tupange. Nimebakiwa na chaguo tatu. Kwanza chumba Alfama, chini ya ngome, kina roshani inayotazama mto na ndicho cha bei nafuu. Pili hoteli ndogo Baixa, jirani na Rossio, hiyo bei imechangamka. Tatu fleti Martim Moniz, bei ya katikati, ila watu wananitisha kwamba kuna vibaka.

Mama alikuwa mwalimu wa historia sekondari. Anasema hawezi kurudi Tanga bila kuona kaburi la Vasco da Gama. Nawasilisha.

Baharia_Mstaafu
Dada, mimi nipo huku. Alfama ifute kabisa, na nitakupa sababu mbili.

Ya kwanza ni goti. Alfama ni vichochoro na ngazi tupu, teksi haiingii sehemu nyingi, na nyumba za zamani nyingi hazina lifti. Hiyo roshani unayoiona kwenye picha ipo ghorofa ya ngapi? Waulize kabla hujalipa. Halafu njia zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyokatwa kwa mkono, vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Kukiwa na unyevu kidogo vinateleza vibaya, hasa kwenye mteremko. Mama asije na viatu vya soli laini.

Ya pili ni tarehe zako. Usiku wa 12 kuamkia 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na Alfama ndiyo kitovu chake. Kila kona wanachoma dagaa wakubwa, moshi mpaka chumbani, muziki mpaka alfajiri. Kijana ataifurahia. Mama atakuamsha saa tisa akuulize umemleta wapi.

Alfama nendeni mchana. Pandeni tramu 28 au 12, mshuke Portas do Sol. Kituo kiko palepale kwenye uwanda wa kutazamia mto, kuna mabenchi na vibanda vya kahawa, hakuna ngazi ya kupanda. Mkishiba macho, mpande tramu kurudi.

Mwana_Kilindini
Naungana na Baharia kuhusu Alfama, lakini Martim Moniz msiipakazie ubaya. Shemeji zangu hukaa Lisbon na nikienda nalala mtaa huohuo. Pale ndipo Mouraria, mtaa waliosukumiwa Waislamu baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147. Leo ukitoka nje unakutana na Wabangladeshi, Wahindi, Wachina, Waafrika wa Msumbiji na Guinea-Bissau. Rua do Benformoso ina mikahawa ya halali mfululizo: biriani, mishikaki, chai ya maziwa. Mama hatababaika na chakula hata siku moja.

Vibaka wapo kweli, lakini kazi yao kubwa ni ndani ya tramu 28, ambayo inaanzia hapohapo. Watu wanabanana, wewe unapiga picha, mwenzio anafungua zipu. Mkoba uwe mbele, basi. Na mkitaka kuipanda, muiwahi asubuhi mapema, kabla ya saa tatu. Baadaye foleni yake mama hataiweza.

Kutoka uwanja wa ndege mnaingia metro ya mstari mwekundu, mnabadilisha Alameda kwenda mstari wa kijani, kituo cha nne ni Martim Moniz, cha tano Rossio. Metro inaanzia palepale uwanjani.

Shangazi_Wa_Sinza
Metro na mabegi na goti? Hapana jamani. Uwanja wa ndege wa Lisbon uko ndani ya mji, si kama wa miji mingine ambako teksi inakumaliza mfuko. Itisheni Bolt kama Dar, wazee wapumzike. Metro mtapanda kesho yake bila mizigo.

Pia jiandaeni na foleni ya uhamiaji. Tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha mpakani, na Lisbon foleni ilikuwa ndefu hata kabla ya hapo. Mwombeeni mama kiti cha magurudumu kupitia shirika la ndege wakati wa kukata tiketi. Ni bure, na mara nyingi hupitishwa njia ya pembeni, nanyi mkifuatana naye.

Kuhusu bei msisahau kodi ya jiji: yuro 4 kwa mtu kwa usiku. Nyie wawili kwa usiku nne ni yuro 32, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona mtandaoni.

Binti_Chumbageni
Asanteni sana, Alfama nimeshaiaga. Sasa imebaki Baixa na Martim Moniz. Tofauti ya bei kwa usiku nne inatosha kununua tiketi zote za makumbusho. Na je, vile viberenge vya njano vya kupandia mlima vinamfaa mama?

Fundi_Saa
Viberenge viweke kando. Tarehe 3 Septemba 2025 kile cha Glória kiliachia baada ya kebo kukatika, watu 16 wakapoteza maisha, na vingine vikasimamishwa kwa ukaguzi. Hata kama kimojawapo kitakuwa kimerudi, usipange safari yako juu yake.

Kuna njia za bure ambazo watalii wengi wanazipita bila kujua. Kutoka Baixa kwenda Chiado juu, ingia kituo cha metro cha Baixa-Chiado upande wa Rua do Crucifixo. Kuna ngazi za umeme ndefu, moja baada ya nyingine, zinakutoa Largo do Chiado, na hukati tiketi maana hupiti kwenye mageti. Kwenda upande wa ngome kuna lifti ya umma Rua dos Fanqueiros, inakutoa Rua da Madalena, kisha vuka, kuna lifti nyingine kwenye jengo la Chão do Loureiro lenye supamaketi. Mkichoka zaidi, basi la 737 kutoka Praça da Figueira linafika mpaka mlangoni kwa ngome. Ile lifti ya chuma ya Santa Justa ya mwaka 1902 itazameni kwa chini, ni nzuri, ila foleni yake ni ya wenye magoti mazima.

Kwangu mimi ni Baixa. Mama akichoka saa nane mchana, chumba kiwe dakika tano, akajinyooshe, mtoke tena jioni. Huo urahisi ndio unaolipia.

Na yeye kama mwalimu wa historia atapenda kujua kwa nini Baixa imenyooka hivyo wakati Alfama imejikunja. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia mtoni wakakutana na mawimbi ya tsunami, na moto uliowashwa na mishumaa na majiko ukateketeza mji kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, akaamuru Baixa ijengwe upya kwa mitaa iliyopimwa kwa rula, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizokingamana ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Akitaka kuona mji ulivyoachwa siku ile, apande na zile ngazi za umeme hadi Carmo: kanisa kubwa, nguzo na matao yapo, paa halipo mpaka leo.

Mwana_Kilindini
Fundi, kutoka Martim Moniz hadi Rossio ni kituo kimoja cha metro au mwendo wa polepole wa dakika kumi, tena tambarare. Huo "urahisi" unaulipia mara mbili.

Fundi_Saa
Dakika kumi zako, mkuu, si dakika kumi za goti la mama wa watu.

Mjukuu_wa_Kivinje
Mimi nitaongelea Belém, mtaa wa kando ya mto magharibi mwa mji. Kaburi la Vasco da Gama liko kanisa la monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu liko chini ya roshani ya kwaya. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapo mwaka 1880. Mama ajue kuna milango miwili: kanisani ni bure, ila ua wa ndani wenye matao ya mawe yaliyochongwa kamba, matumbawe na wanyama ni wa kulipia. Foleni ni mbili tofauti, na watu hupanga ndefu bila kuuliza. Wenye miaka 65 na kuendelea hupata punguzo kwenye majengo ya serikali, abebe pasi yake. Mnara wa Belém ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, hakikisheni kwanza umefunguliwa. Ukikuta umefungwa hujakosa kitu, ngazi zake za ndani ni nyembamba na za kuzunguka, uzuri wake uko nje.

Lakini kama ni mwalimu wa historia kutoka Tanzania, mimi ningempeleka kwanza Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, njiani mkitoka katikati ya mji kwenda Belém. Humo kuna Monstransi ya Belém, chombo cha Kikatoliki cha kuonyeshea Ekaristi. Ni dhahabu, na dhahabu hiyo ni ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na meli za mizinga akamlazimisha Sultani Ibrahim wa Kilwa alipe kodi. Dhahabu ilifika Lisbon 1503, Mfalme Manuel akaagiza itengenezwe chombo kwa ajili ya Jerónimos, na kazi ikakamilika 1506. Anayetajwa kuwa fundi ni Gil Vicente. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na uso wake, mavazi yametiwa rangi kwa enameli. Usiishie juu. Inama uzunguke kitako: kuna maandishi yanayosema mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi, na neno Quiloa, yaani Kilwa, limo, unalisoma kwa macho yako. Na pamoja na kodi kulipwa, Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi akaivamia Kilwa, kisha Mombasa.

Mwana_Kilindini
Sie Mombasa waliichoma moto kabisa mwaka huo. Kwangu mimi kulipa kiingilio kwenda kutazama mali iliyoporwa ni kulipa kodi mara ya pili.

Mjukuu_wa_Kivinje
Nakuelewa. Ila maandishi yale ni ushahidi walioandika wenyewe, tena kwa dhahabu. Nani atawasomea wajukuu kama wenye Kilwa yao hawaendi? Na tuwe wakweli, dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, Zimbabwe, ikapitia Sofala, na masultani wa Kilwa wakitoza ushuru wao.

Shangazi_Wa_Sinza
Wakati mnabishana, mwongezeeni mama Largo do Carmo. Kwenye kambi ya pale ndipo Marcello Caetano, waziri mkuu wa udikteta wa Ureno, alipojisalimisha tarehe 25 Aprili 1974. Walimu wa rika lake walikuwa vijana FRELIMO ikiwa Dar, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975. Kakiwanja kenyewe kana miti na viti, atakaa hata saa nzima.

Binti_Chumbageni
Nimemsomea mama yote haya kwa simu. Ya Kilwa imemnyanyua kitini, sasa anataka hiyo kwanza kuliko kaburi. Tumeamua Baixa, Mwana_Kilindini unisamehe, ila chakula cha jioni tutakuja Benformoso. Nikate Lisboa Card, ile kadi ya watalii ya usafiri na viingilio, au nilipe kidogokidogo? Na tuanze na siku ipi?

Fundi_Saa
Lisboa Card ni ya anayekimbia: asubuhi Jerónimos, mchana Sintra, jioni Cascais. Kwa mwendo wa mama haitarudisha hela yake, isipokuwa mkiikata ya saa 24 kwa siku ya Belém tu. Siku nyingine nunueni kadi ya Navegante kwenye mashine za metro, kadi yenyewe senti 50, kila mtu na yake, mnaweka salio. Mkiona tiketi ya saa 24 inawafaa, wekeni kwenye kadi hiyohiyo.

Baharia_Mstaafu
Tarehe, dada. Juni 10 ni sikukuu ya taifa, 13 ni sikukuu ya jiji, na tarehe 13 Jerónimos na hilo jumba la Janelas Verdes yanafungwa. Jumatatu zote pia yanafungwa. Kwa hiyo dhahabu ya Kilwa na Belém ni tarehe 11 au 12, angalieni kalenda. Pitieni tovuti yao kwanza, majengo mengi huku yako kwenye ukarabati. Belém nendeni na treni kutoka Cais do Sodré, haichukui dakika kumi na mtapata kiti, tofauti na tramu 15. Vikeki vya krimu ya mayai vya Belém (pastéis), vile vya tangu 1837, msipange foleni ya kuchukua. Ingieni ndani mkae, vyumba vya kukaa ni vingi mno. Tarehe 13 pumzikeni, au mvuke na pantoni kwenda Cacilhas, mto utamkumbusha Kigamboni.

Na mezani: mkiletewa mkate, zeituni na jibini kabla hamjaagiza, si zawadi. Mkigusa mmelipa. Kama hamtaki, mwambieni mhudumu aondoe. Samaki wa kuchoma ni salama kwenu, ila supu ya kijani ya caldo verde huwekewa soseji ya nguruwe, mama asiionje bila kuuliza.