Kasa mwenye vivimbe machoni: je, ni saratani, na maji yetu yanahusika?

Mvuvi wa Mida (mwuliza swali)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita jarife la ami yangu lilinasa kasa mchanga karibu na mlango wa Mida, hapa Watamu, ambaye gamba lake halikuzidi dhiraa moja. Tulipompandisha chomboni tuliona ameota vivimbe vya kijivu na waridi, vyenye mikunjo kama koliflawa, shingoni na chini ya mapezi ya mbele, na kimoja kilikuwa kimeliziba kabisa jicho la kushoto. Tuliwapigia simu waokoaji wa kasa wakaja kumchukua. Ami amevua kwa zaidi ya miaka 40, na anasema kwamba katika ujana wake hakuona jambo la namna hiyo, ilhali sasa hulikuta karibu kila mwaka.

Ninaomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, hiyo ni saratani? Je, ni kweli kwamba inasababishwa na majitaka ya mahoteli na ya majumba yetu wenyewe, au tunatafuta wa kumlaumu? La tatu, wapo kijijini wanaosema kwamba kasa mwenye vivimbe ndiye mwenye sumu na asiye na vivimbe nyama yake ni salama. Ningependa kupata jibu la kuwapelekea wenzangu wa BMU, yaani kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo.

Tabibu wa Wanyama

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na mfikishie ami yako shukrani zetu kwa kumnusuru kiumbe huyo.

Ninaanza na la tatu kwa sababu linahusu uhai wa watu. Sumu ya nyama ya kasa haina uhusiano na vivimbe. Inaaminika kutokana na vitu anavyokula kasa baharini, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto. Hakuna kasa unayeweza kumtazama ukasema huyu ni salama, na sheria nayo inakataza kumla.

Ugonjwa mliouona unaitwa faibropapilomatosisi. Kwa maana kamili ya kitabibu, vivimbe hivyo kwa kawaida si saratani, kwa kuwa seli zake hazivamii nyama ya jirani kama zifanyavyo seli za saratani. Hata hivyo, kasa aliyezibwa macho haoni malisho wala jarife lililo mbele yake, na baadhi yao huota vivimbe ndani ya mapafu, figo na hata moyo, ambako daktari hawezi kuvikata. Wale wenye vivimbe vya nje tu huweza kufanyiwa upasuaji wakarudishwa baharini, ingawa mara nyingine vivimbe huota tena.

Vivimbe hivyo huandamana na kirusi cha jamii ya hepesi. Maradhi yenyewe yalielezwa kitaalamu mwaka 1938, yakawa nadra kwa miongo kadhaa, kisha katika miaka ya 1980 yakaongezeka sana Florida na Hawaii, hadi ikawa kwamba katika wangwa wa Indian River, Florida, karibu nusu ya kasa wachanga wanaokamatwa na watafiti wana vivimbe. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba kirusi hicho kimeishi pamoja na kasa kwa mamilioni ya miaka. Ikiwa kirusi ni cha kale na mlipuko ni wa juzi, hatuna budi kuuliza ni kitu gani kingine kilichobadilika. Tena kasa wadogo wanaoishi bahari kuu huwa hawana vivimbe. Huvipata baada ya kuhamia maji ya kina kifupi karibu na pwani ili kula nyasi za bahari, yaani pale hasa panapoishia mifereji yetu.

Huko Hawaii watafiti wamependekeza maelezo haya: naitrojeni kutoka mashambani na kwenye majitaka hustawisha mwani wa kigeni, mwani huo huihifadhi naitrojeni katika asidi ya amino iitwayo arijinini, na virusi vya hepesi huhitaji arijinini ili kuzaana. Kasa anayeshiba mwani huo huenda anakilisha kirusi alichonacho mwilini.

Mtafiti wa Maji

Ninaongezea mifano miwili ya saratani halisi, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo kasa bado hawajatuonyesha, yaani kinachotokea chanzo kinapoondolewa.

Mto Black, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ulikuwa ukipokea maji ya kiwanda kilichochoma makaa ya mawe ili kupata koki ya kutengenezea chuma, na matope ya chini ya mto yakajaa kemikali za lami na masizi. Mwaka 1982, kambare 39 katika kila 100 wenye umri wa miaka mitatu au zaidi walikuwa na saratani ya ini. Kiwanda cha koki kilifungwa mwaka 1983, na kufikia mwaka 1987 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 10 katika kila 100. Mwaka 1990 matope yalichimbwa ili yaondolewe, sumu iliyokuwa imelala ikatibuliwa, na saratani ikapanda tena kwa miaka michache kabla ya kushuka. Mimi huona kwamba kupanda huko ndiko ushahidi mzito kuliko wote, maana ugonjwa uliifuata sumu ilipofukiwa, ukaifuata tena ilipofukuliwa.

Mfano wa pili ni wa nyangumi weupe wa mto St. Lawrence nchini Kanada, wanaoishi kandokando ya mdomo wa mto Saguenay, ambako viwanda vya kuyeyushia alumini vilimwaga kemikali za jamii hiyohiyo. Kati ya mizoga ya nyangumi wazima iliyochunguzwa kuanzia mwaka 1983 hadi 1999, asilimia 27 ilikutwa na saratani, kiwango kisicho cha kawaida kabisa kwa mnyama wa porini. Wafanyakazi wa viwanda hivyo nao waliugua saratani za mapafu na kibofu kupita kiasi cha watu wengine. Baadaye umwagaji ulidhibitiwa, na watafiti walipopanga mizoga kwa miaka ya kuzaliwa hawakukuta saratani kwa nyangumi waliozaliwa baada ya mwaka 1971.

Mhifadhi wa Pwani

Ninakubaliana na mabwana walionitangulia, ila ninaomba tuwe waangalifu kabla ya kuyapeleka haya mbele ya wanakijiji. Kuna saratani za wanyama ambazo uchafuzi haukuthibitika kuwa chanzo chake. Ibilisi wa Tasmania, mnyama mla nyama wa huko Australia, anaangamia kwa saratani ya uso iliyoonekana mara ya kwanza mwaka 1996, na huiambukiza kwa kung'atana. Seli zenyewe za uvimbe huhama kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine.

Mara nyingi pia sababu hukutana. Simba bahari wa California hupata saratani ya viungo vya uzazi, nao wana kirusi chao cha hepesi, lakini wale waliougua wamekutwa na viwango vikubwa zaidi vya DDT (dawa ya kuulia wadudu) na PCB (kemikali za viwandani) katika mafuta yao, kemikali zilizomwagwa katika bahari ile miongo mingi iliyopita. Kirusi peke yake hakitoshi kuyaeleza hayo. Ndugu Mvuvi, ukiwaambia BMU kwamba majitaka ya hoteli fulani yamempa kasa vivimbe, utaulizwa ushahidi na hutakuwa nao. Ukisema kwamba maji machafu yanashukiwa kwa sababu nzito kuuchochea ugonjwa ambao kirusi chake kipo tayari, utakuwa umesema kweli, na hakuna atakayekupinga.

Mvuvi wa Mida

Ahsanteni sana, nimeelewa tofauti hiyo. Tutalitangaza la nyama kwanza, msikitini na bandani kwa wavuvi. Ninauliza moja la mwisho: sisi tulio na nyavu tu, bila maabara, tunaweza kufanya nini kitakachowafaa wanaotafiti?

Tabibu wa Wanyama

Mnaweza kufanya jambo ambalo maabara haiwezi. Kila kasa anayenaswa, awe mgonjwa au mzima, andikeni tarehe, mahali, urefu wa gamba, idadi ya vivimbe na sehemu vilipoota, na mpigeni picha kabla ya kumwachia au kumkabidhi kwa waokoaji. Wazima msiwaache nje ya daftari, kwa kuwa bila wao hatutajua wagonjwa ni wangapi katika kila kumi. Osheni mikono na vyombo kwa maji safi kabla ya kumshika kasa mwingine, na ukikuta ruba wamemganda, waandike pia, maana wanashukiwa kubeba kirusi. Muulize ami yako ataje mahali na miaka anayokumbuka kuanza kuona vivimbe, nawe uyaandike katika ukurasa wa kwanza.