Naomba ushauri: nimepata nafasi ya kusomea historia na utamaduni wa Wayahudi, nyumbani hawanielewi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina shahada ya kwanza ya historia na miaka mitatu nafundisha sekondari ya kutwa. Mwaka jana niliomba uzamili wa mwaka mmoja London, somo la historia na utamaduni wa Wayahudi. Barua ya kukubaliwa imekuja, ufadhili bado.

Kilichonivuta ni kitu kimoja. Chuoni tulisoma nusu ukurasa kuhusu mwaka 1903, Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipotaka kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, ardhi ya Uasin Gishu, Kenya ya leo. Nikamuuliza mwalimu, waliokuwa wanaishi pale waliulizwa? Akaniambia hilo halimo kwenye mtihani. Limenikaa kichwani mpaka leo.

Sasa shida. Mzee wangu anasomesha madrasa. Hajakataa, ila kanyamaza, na mnaomjua mzee wa Kidigo mnajua ukimya ule. Mjomba ndiye aliyesema wazi: "Utarudi uajiriwe na nani?" Kiebrania sijui hata herufi moja. Kiarabu nasoma, nilihitimu juzuu zote.

Niende au niachane nalo?

Kobe Mzee:
Unaenda kusomea siasa za Israeli kwa hela ya nani? Mkuu, soma uhasibu.

Binti Saadani:
Kobe, hujasoma alichoandika. Siasa za leo ni kipande tu cha somo hilo. Nilikaa bweni moja na dada aliyelisoma, muhula mzima alikuwa Baghdad ya karne ya 10, uliofuata yuko Hispania mpaka Wayahudi walipofukuzwa mwaka 1492, halafu Salonika, halafu Vilnius. Wengi wetu tunawajua Wayahudi wa kwenye Biblia na wa kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku. Katikati hapo tumeruka kama miaka 1900.

Mlinda Makabrasha:
Mwalimu, nakujibu kwa urefu kidogo maana nimepita njia hiyo.

Kwanza usiseme hujui hata herufi moja. Wayahudi wa Misri, Yemen na Iraki waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Yaani kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ukigeuza. Sinagogi la Ben Ezra kule Fustat, Cairo ya zamani, lilikuwa na chumba cha kutupia karatasi zilizochakaa, kwa sababu karatasi yenye jina la Mungu haichomwi. (Mzee wako hilo halihitaji kufafanuliwa.) Zilirundikana karne na karne: hati za ndoa, madeni, barua za biashara, mpaka mazoezi ya watoto ya kuandika. Solomon Schechter, mwanachuoni wa Cambridge, Uingereza, alizichukua mwaka 1897, na Cambridge peke yake ina vipande kama 193,000. Vingi picha zake ziko bure mtandaoni.

Mimi kipande cha kwanza kusoma kilinichukua siku nne. Herufi 22 nilizijua, lakini kila neno nililitazama kama Kiebrania na halikutoa maana. Siku ya nne nikalitamka kwa sauti: *kitab*. Nilicheka peke yangu maktaba. Kumbe herufi kaf ya Kiebrania ukiiwekea nukta juu inakuwa kha, na mambo yanaendelea hivyo. Wenzangu wa Kiingereza walikuwa bado wanahangaika na sarufi ya Kiarabu, wewe ile unayo tangu utotoni.

Na ni bahari yetu hii hii. Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni mkubwa, mdogo wake Daudi alikuwa mfanyabiashara akazama Bahari ya Hindi na mali ya watu mkononi. Musa aliandika baadaye kwamba aliugua kitandani karibu mwaka mzima kwa msiba ule. Mtu wa pwani hiyo barua haimpiti.

Ubaya wake: mwaka mmoja hautoshi kuanza Kiebrania sifuri na kuandika tasnifu. Anza herufi leo, wiki mbili zinatosha. Maneno mengine utayakuta yamekaa kama ndugu: nafsi ni *nefesh*, damu ni *dam*, roho ni *ruah*, sita saba tisa ni *shesh, sheva, tesha*.

Ndovu wa Mbale:
Jirani, ukimaliza njoo Uganda. Wapo Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa huku, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Amin aliwapiga marufuku, wakabaki wachache, leo wana rabi wao mzawa. Wazungu wanakuja kuwaandika kila mwaka. Bado namsubiri Mwafrika Mashariki.

Mama Subira, Arusha:
Kuhusu ajira, mwambie mjomba hivi. Neno *genocide*, yaani mauaji ya kimbari, lilitungwa mwaka 1944 na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaja 1948. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa hapa Arusha, Septemba 1998, kesi ya Akayesu wa Rwanda. Kumbukumbu zake zipo hapa. Nimefanya kazi za nyaraka miaka mingi, anayeweza kusoma maangamizi ya Wayahudi na ya Rwanda kwa pamoja ni wa kutafuta kwa tochi. Sikuahidi mshahara mnono. Nakwambia tu kazi ipo.

Ufadhili: jaribu Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa kazi miaka miwili, unao. Ila watakudai urudi nyumbani miaka miwili. Pia usiisahau Cape Town, wana kituo cha Kaplan cha masomo haya, ulizia ada ya wanafunzi wa SADC.

Mlinda Makabrasha:
Na ile Uasin Gishu usiiache. Tume ya watu watatu ilikuja mwanzoni mwa 1905, Mkutano wa Wazayuni ukakataa mwaka huo huo. Oktoba hiyo hiyo Waingereza wakamuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Mambo hayo mawili huandikwa vitabu tofauti. Tasnifu yako hiyo hapo.

Mleta uzi:
Wakuu, asanteni sana. Chevening naanza kujaza kesho.

Jana baada ya isha nilimwonyesha mzee picha ya kipande kimoja cha Fustat kwenye simu, nikamsomea maneno mawili matatu niliyoyang'amua. Akavaa miwani. Akaikuza picha kwa vidole, kimya. Mwisho akasema Kiarabu ni lugha ya herufi dhadi, na Kiebrania dhadi hakina, sasa hawa waliandikaje *ardhi*?

Sikuwa na jibu.

Mlinda Makabrasha:
Herufi tsade, nukta juu. Mpe salamu zangu.